Sepsisi Inapoudhoofisha Moyo

Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari, nimonia, mkojo unaochoma, kitovu cha mtoto mchanga kinachotoa usaha, homa ya mama aliyejifungua juzi. Yote haya huanzia sehemu moja ya mwili, na mara nyingi kinga huyamaliza hukohuko. Yakizidi, kinga huchachamaa mwili mzima na kuanza kuumiza figo, mapafu, ubongo na moyo wa mgonjwa mwenyewe. Hiyo ndiyo sepsisi. Inakadiriwa kwamba mwaka 2017 iliwapata watu milioni 48.9 duniani, na milioni 11 walifariki.

Moyo unapatwa na nini?

Wengi wakisikia moyo umedhoofika hudhani kuna mshipa ulioziba. Katika sepsisi mishipa ya moyo kwa kawaida iko wazi. Tatizo ni kemikali zinazomwagwa na kinga: zinauvuruga msuli wa moyo, seli zake zinashindwa kutengeneza nishati ya kutosha, na msuli hauitikii tena adrenalini ipasavyo. Wakati huohuo mishipa ya damu mwilini inalegea na kuvuja maji, presha inashuka. Moyo unakwenda mbio, lakini kila pigo linasukuma damu kidogo.

Hata hivyo, mara nyingi msuli huo haujafa. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walichapisha taarifa za wagonjwa 20 wa sepsisi iliyoshusha presha. Kwa wengi wa walionusurika, moyo uliokuwa umelegea ulirudia hali yake baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Kazi ya hospitali ni kumvusha mgonjwa siku hizo.

Dalili za kukimbilia hospitali

Kupumua haraka, kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida, mikono na miguu kuwa baridi, kutokojoa tangu asubuhi. Homa inaweza isiwepo kabisa, hasa kwa wazee na watoto wachanga. Bonyeza ncha ya kidole cha mgonjwa kwa sekunde 5, kisha achia. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, damu haifiki vizuri. Usitazame kucha yenye hina. Kwa mtu mweusi, angalia pia midomo, ulimi na viganja. Usipoteze siku kwa vidonge vilivyobaki kabatini.

Kwa nini daktari hajaweka dripu kubwa?

Swali hili huzua ugomvi wodini, na ndugu wana haki ya kuliuliza. Jibu lilipatikana hapahapa kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwahusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka, zaidi ya 10 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa, walifariki takriban 7. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa vifo vilivyozidi vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kuporomoka. Watoto wenye kuhara hawakuhusishwa: hao wanahitaji maji, na mapema. Kwa hiyo muuguzi anayeweka dripu kidogokidogo huku akipima presha na kusikiliza mapafu hafanyi ubahili.

Matibabu yenyewe

La kwanza ni antibayotiki. Presha ikiwa imeshuka, inatakiwa ndani ya saa 1. Jipu likamuliwe, kondo lililobaki tumboni litolewe. Bila hivyo dawa zinapigana na chanzo kisichokwisha. Presha ikigoma hutumika noradrenalini, na kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kikionyesha moyo hausukumi vya kutosha, daktari anaweza kuongeza dobutamini. Dawa maalumu ya moyo wa sepsisi haijapatikana. Levosimendani ilitazamiwa sana, lakini jaribio la Uingereza la mwaka 2016 halikuonyesha faida. Dawa za kupunguza mbio za moyo zilileta matumaini mwaka 2013, kisha jaribio jingine la mwaka 2023 likayapunguza.

Ukiruhusiwa kwenda nyumbani, uliza tarehe ya kurudia eko. Kama ulikuwa ukitumia dawa za presha kabla ya kuugua, usizianze tena mpaka daktari akuambie lini na kwa kiasi gani.