Kirusi cha Homa ya Ini C na Usugu Uliotangulia Dawa

Tumezoea kuelezwa kwamba usugu wa dawa huletwa na mgonjwa anayekatiza dozi. Kwa magonjwa mengi ndivyo ilivyo. Kwa homa ya ini aina ya C, hata hivyo, kirusi kinaweza kuwa na usugu kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza. Asiyelijua jambo hili huenda akamlaumu mgonjwa asiye na hatia.

Kirusi hiki, kilichotambuliwa mwaka 1989, huzaliana ndani ya seli za ini kwa kujinakili. Maelekezo yake ya urithi ni mafupi, takriban herufi 9,600, lakini mnakili wake hana tabia ya kurudia kazi na kuihakiki. Ni kama karani anayenakili barua usiku kucha bila taa: kila nakala hutoka na kosa lake. Katika mwili wa mgonjwa mmoja hutengenezwa takriban virusi trilioni moja kwa siku. Makosa mengi hukiua kirusi chenyewe. Machache hubadilisha pale pale ambapo dawa ingeshika, na kirusi cha namna hiyo huendelea kuishi.

Mabadiliko mengine hurithiwa na ukoo mzima wa virusi. Nchini Rwanda, watu wazima 300 walitibiwa kwa sofosbuvir na ledipasvir, dawa mbili zinazomezwa pamoja. Asilimia 87 walipona. Lakini miongoni mwa waliokuwa na ukoo uitwao 4r, waliopona walikuwa asilimia 56 tu. Kirusi cha ukoo huo kwa kawaida hubeba mabadiliko yanayoipunguzia ledipasvir nguvu, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuitumia. Habari njema ni kwamba ambao tiba ya kwanza haikuwaponya walipopewa mchanganyiko mwingine wa dawa tatu, karibu wote walipona.

Hapa ndipo lilipo jambo linalotuhusu. Baada ya kumaliza vidonge, kwa kawaida wiki 12, mgonjwa hujisikia vizuri na huona safari ya kurudi hospitali ni gharama bure. Kirusi kilichobaki hakimwumizi. Huendelea kulidhoofisha ini kimyakimya kwa miaka mingi. Kwa hiyo kipimo kinachofanyika wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho ndicho kinachothibitisha kupona. Kipimo hicho kiwe cha kutafuta kirusi chenyewe katika damu. Kipimo cha haraka cha kingamwili hakifai kwa kazi hii, kwa sababu kingamwili hubaki mwilini hata kwa aliyekwisha kupona.

Usugu wa asili haumpi mtu ruhusa ya kuruka dozi. Kuruka dozi humwongezea kirusi nafasi ya kunusurika. Aliyepona naye hana kinga: akiguswa tena na damu yenye kirusi, kwa wembe au sindano, anaweza kuambukizwa upya, na chanjo ya aina C bado haipo.

Unapokwenda kwa kipimo cha mwisho, chukua kadi yako ya matibabu yenye majina ya dawa ulizotumia. Iwapo kirusi kitaonekana, daktari atahitaji kuyajua majina hayo kabla ya kuchagua dawa za mara ya pili. Aliyepoteza kadi amwombe mganga mfawidhi wa kituo alikotibiwa amnakilie kumbukumbu zake.