Ukakasi wa Bibo Ndani ya Glasi

Mdogo wangu wa Antwerp, barua yako niliisoma kwenye treni, nikacheka peke yangu hadi abiria wa pembeni akanitazama. Si kwa kukudharau. Mama mkwe kaja Jumanne, umempikia samaki wa nazi wenye pilipili, umefungua chupa nyekundu ya bei kubwa kuliko zote dukani, halafu kila mtu kapiga funda moja na kurudisha glasi mezani polepole. Unaniuliza kama uliuziwa chupa mbovu. Hapana, chupa ilikuwa nzima. Ni wewe uliyeifungisha ndoa na mtu asiye wake.

Unakumbuka bibo? Ukiling'ata, ulimi unakauka na mashavu yanavutana. Ukakasi ule ule umo kwenye mvinyo mwekundu, na wenyewe huuita tanini. Hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, ndiyo maana umejaa ukakasi. Ukiuweka na mbuzi wa kuchoma, mafuta na nyama vitaulainisha. Samaki hana uwezo huo. Zaidi ya hapo, madini ya chuma yaliyomo kwenye baadhi ya mivinyo myekundu yakikutana na mafuta ya samaki, mdomoni hubaki shombo. Tia na pilipili sasa, maana kilevi kingi huchochea ule moto. Maskini mama mkwe!

Kwa hiyo achana na lile swali la nyama au samaki. Onja mchuzi wako kwanza: una uchachu kiasi gani, na pilipili je? Mvinyo ukizidiwa uchachu na chakula, unapooza kama juisi iliyolala. Kwa tambi za nyanya, mimi huchukua Barbera ya Piemonte, kaskazini mwa Italia. Ni mwekundu, lakini una uchachu wa kutosha na ukakasi mdogo. Vilima hivyo hivyo hutoa Barolo, unaotaka miaka ya kutulia na mfuko mnene. Huo waachie wenye sherehe, wewe una tambi na kesho unaamka saa kumi na moja.

Samaki wako wa nazi alikuwa anamngoja Riesling wa bonde la Mosel, Ujerumani. Tafuta neno Kabinett kwenye lebo. Mara nyingi kilevi chake ni asilimia 8 au 9 tu, kuna sukari kidogo iliyobaki, na uchachu unaokata tui kama ndimu. Sukari ile ndiyo inayotuliza pilipili. Na siku mkipika kome na chipsi, kama majirani zako Wabelgiji, nunua Muscadet, unaotoka karibu na Nantes, kule mto Loire unakoingia baharini. Ukiona "sur lie", ujue mvinyo huo ulilala juu ya machicha ya hamira yake mpaka ulipotiwa chupani.

Kuku wa kuoka mpe Beaujolais. Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philippe le Hardi, aliamuru zabibu za mvinyo huo, Gamay, zing'olewe mashambani kwa kuziona duni. Mimi duni huyo ananiokoa kila Jumatano: ukakasi kidogo, bei nafuu, nusu saa kwenye friji, basi. Ndiyo, mwekundu kwenye friji. Atakayekushangaa mpe glasi.

Sasa fanya jaribio, usiniamini mimi. Onja mvinyo wenyewe, kula tonge la kuku, onja tena. Kisha kamulia kuku ndimu, nyunyiza chumvi kidogo, urudie. Utadhani umebadilishiwa chupa, kumbe ndimu na chumvi ndizo zilizoulainisha. Mimi nilipogundua hilo niliacha kununua chupa ghali za kujitetea.

Na usimalize chupa eti kwa sababu imefunguliwa! Hewa ndiyo adui yake. Rudisha kizibo, weka kwenye friji, hata nyekundu, na siku mbili tatu itakaa vizuri. Ikianza kuchoka, imimine kwenye rosti. Nyie ambao dini inawakataza, wenye mimba, na mnaoendesha gari baada ya chakula, ukurasa huu mmeusoma kwa kujifurahisha tu, nawajua.

Mama mkwe akirudi, mdogo wangu, mpikie samaki yule yule, usikwepe. Punguza pilipili moja, weka ndimu mezani akamulie mwenyewe, na Riesling itoke kwenye friji dakika kumi kabla hajaketi, kwa sababu baridi ikizidi haisikiki ladha yoyote. Nasubiri barua nyingine.