Kosa la Mezani Lirekebishwe Mezani



Safari hii tuzungumze juu ya mtu ambaye yumo katika nyumba zetu nyingi. Ndiye anayewaamsha watoto, anayewapikia chai na kuwasindikiza hadi kwenye basi la shule, lakini mara nyingi hatumhesabu tunapozungumza juu ya malezi. Huyo ni msaidizi wa nyumbani.

Hapa Lavington, ukisimama kando ya Barabara ya Gitanga asubuhi na mapema, utawaona akina mama wakija kwa miguu kutoka Kawangware. Wengine hulala huko huko kazini, katika vijumba vya nyuma ya nyumba. Bila wao, baba na mama wengi hawangefika kazini kwa wakati.

Siku moja niliwauliza watoto wa darasa langu la Komunyo ya Kwanza, "Nani amekutendea jambo jema wiki hii?" Wengi walijibu, "Anti." Nikawauliza, "Anti anaitwa nani?" Kati ya watoto 11, ni watatu tu waliojua jina lake. Mmoja alinishangaa: "Mwalimu, si ni anti tu!"

Nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani kicheko kiliisha, maana nilikumbuka jambo lililowapata mume na mke mmoja ninaowafahamu. Wameniruhusu kulisimulia bila kuwataja.

Jumamosi moja asubuhi, binti yao wa miaka tisa alimwaga uji mezani. Akaita, "Wewe anti, kuja upanguse!" Msaidizi huyo ni mama wa watoto watatu, na amemzidi umri mama mwenye nyumba. Mama akasema, "Hapana. Umemwaga wewe, pangusa wewe, na umwombe anti msamaha." Kabla mtoto hajainuka, baba akasema bila kuinua macho kwenye gazeti, "Mwache amalize kula. Kwani anti halipwi?"

Mtoto akaketi. Msaidizi akapangusa.

Mama alinyamaza. Alikuwa amefundishwa kwamba mume na mke wasibishane mbele ya watoto. Aliyewafundisha hivyo, walipokuwa wachumba, ni mimi. Usiku walizungumza chumbani, baba akakubali kwamba amekosa, wakasameheana. Lakini Jumatatu msaidizi alipomwambia binti afue soksi zake, binti alimjibu, "Kwani wewe hulipwi?"

Wazazi walipokuja kwangu walikuwa wamechanganyikiwa. "Mwalimu, jambo hili si tulilimaliza?" Ndiyo, wao walilimaliza. Mtoto hakuwa chumbani. Aliliona kosa, lakini hakuona likirekebishwa. Nami nikatambua kwamba nilikuwa nimewafundisha nusu ya somo.

Jioni iliyofuata, wote wakiwa mezani, baba alimwita msaidizi kwa jina lake. Akamwambia, "Jumamosi nilisema neno baya juu yako mbele ya watoto. Samahani." Kisha akamgeukia binti yake: "Mama alisema kweli. Mimi ndiye niliyekosa." Mama aliniambia kwamba binti alimtazama baba yake kwa muda mrefu. Walipomaliza kula, akaichukua sahani yake mwenyewe hadi jikoni. Sisemi kwamba alibadilika siku hiyo moja. Bado hukumbushwa. Lakini lile neno "hulipwi" halijasikika tena.

TUNAJIFUNZA NINI?

1. Elewaneni chumbani, rekebisheni mezani. Ni kweli, msigombane mbele ya watoto. Lakini kosa lililotendwa mbele yao lirekebishwe mbele yao. Baba anayeomba msamaha hapotezi heshima yake. Watoto humwamini zaidi, nao hujifunza kwamba hata mkubwa huweza kukosa na kujirudi.

2. Mshahara hulipia kazi, haumnunui mtu. Tuanze kwa haki yenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Agizo la mishahara la mwaka 2024 liliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu posho ya nyumba. Hata zamani, amri ya mapumziko katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 20, iliwataja watumishi pamoja na wenye nyumba. Tujiulize: sisi tukienda Misa Jumapili, anti naye husali saa ngapi? Watoto wanaona ni nani anayebaki jikoni.

3. Kila mtoto awe na kazi yake. Wazazi husema, "Mtoto ana masomo mengi." Ni kweli, lakini kutandika kitanda hakuchukui hata dakika tano. Wa miaka minne au mitano akusanye vitu vyake vya kuchezea. Wa miaka saba atandike kitanda na kufua soksi. Wa miaka kumi aoshe vyombo. Wa miaka 12 aweze kupika wali na kupiga pasi sare yake, mkubwa akiwa karibu. Wavulana wasiachwe nyuma, kwani sahani haiulizi inaoshwa na nani. Samaki mkunje angali mbichi.

4. Msaidizi ajue mamlaka yake. Mwambieni mbele ya watoto mambo anayoweza kuamuru, kama vile saa ya kuoga, saa ya kulala na saa ya kuzima televisheni. Mwambieni pia kwamba haruhusiwi kuwapiga. Mtoto akileta mashtaka, wasikilizeni wote wawili kabla ya kuamua. Msimkaripie msaidizi mbele ya mtoto, wala msiyapuuze malalamiko ya mtoto, maana huenda ana jambo zito la kuwaambia.

5. Maneno matatu yasikosekane. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, alizihimiza familia zitumie maneno matatu: tafadhali, asante, samahani. Mtoto hatayasema kwa msaidizi ikiwa hajasikia baba akimwambia mama.

MASWALI YA MUME NA MKE

Kaeni pamoja jioni moja, watoto wakiwa wamelala, mjibu kwa ukweli:

– Je, watoto wetu wanajua jina la msaidizi wetu, kwao ni wapi, na ana watoto wangapi?
– Ni neno gani nililolisema mezani ambalo sipendi mtoto wangu alirudie?
– Ni jambo gani tulilolimaliza chumbani, lakini watoto bado wanalibeba?

Mkilipata jambo hilo, msingoje. Kesho jioni mezani panatosha.