SOMO LA MWEZI HUU: LAINI YA SIMU NA NJIA YA MISAFARA

Mama mmoja wa Ng'ambo hapa Tabora alikuwa na ada ya mtoto mkononi, akingoja mwalimu amwambie pa kuipeleka. Simu ikalia, ujumbe ukasema ile hela itumwe kwa namba hii. Akatuma. Mwalimu hakuwa na habari.

Wengi walimwita mjinga. Siyo haki. Mwizi hakumjua wala hakumchagua. Ujumbe uleule hupelekwa kwa watu wengi mno, na gharama yake ni ndogo. Wakipatikana wawili watatu waliokuwa kweli wakingoja kutuma fedha, siku yake imelipa.

Tena hayuko peke yake. Yuko amwuziaye laini, yuko mwandika ujumbe, yuko aendaye kutoa fedha kwa wakala, na kila mmoja ana fungu lake. Sisi wa Tabora twaifahamu kazi ya namna hii. Misafara ya Unyanyembe na Ujiji ilikuwa na mikono mingi, na tajiri aliyekopesha mali alikaa Unguja, asione vumbi la njia. Mwaka 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja, akakataza kuwasafirisha baharini. Je, biashara ilikoma? Ilihamia nchi kavu, watu wakaswagwa kwa miguu kuifuata pwani, hata mwaka 1876 ikambidi aipige marufuku misafara hiyo nayo. Faida ilikuwa ingalipo. (Silinganishi ada iliyopotea na mtu aliyefungwa mnyororo, nasema juu ya mwendo wa soko tu.)

Ndivyo ilivyo kwa laini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015. Usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Basi wezi wakatafuta vidole vya watu. Msajili wa barabarani akisema, "Mama, hakijasoma, weka tena," huenda anasajili laini ya pili kwa jina lako, akaiuze. Wengine huuza wenyewe, kwa hela ya soda. Huyo ndiye apataye kidogo kuliko wote, lakini pasipo yeye wenzake hawana kazi; na polisi wakiifuata namba, humkuta yeye.

Piga *106# uzione namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa utapeli upelekwe 15040.

Maswali ya kujadiliana mtaani: Someni Walawi 19:35-36. Mizani ya siku zetu ni ipi? Na aliyeuza laini yake kwa sababu ya njaa, ana deni gani kwa yule mama?