Utunzaji wa Simbilisi Mwenye Maradhi ya Kifua

Somo hili linawahusu watumishi wa umma na wakazi wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa, Mkoa wa Kagera, ambao majumbani mwao wanafuga simbilisi. Makusudio yake ni kumwezesha mfugaji kuyatambua mapema maradhi ya kifua, kumhudumia mnyama wake kwa usahihi kabla hajafikiwa na mtaalamu wa mifugo, na kujiepusha na dawa ambazo badala ya kuponya huua.

1. Simbilisi ni mnyama gani

Simbilisi ni mnyama mdogo mwenye manyoya, asiye na mkia unaoonekana, ambaye akiwa mtu mzima huwa na uzito wa gramu 700 hadi 1,200. Wapo wanaomchanganya na pimbi. Pimbi ni mnyama wa porini akaaye kwenye majabali, na hana udugu wowote na simbilisi. Asili ya simbilisi ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambako wenyeji walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita. Katika Afrika yetu anafugwa kwa wingi Kongo ya Mashariki, hususan Kivu, kwa ajili ya kitoweo na fedha ndogo ndogo za nyumbani, na hapa Tanzania anafugwa pia katika Nyanda za Juu Kusini. Katika nyumba nyingine hafugwi kwa kuliwa, bali ni rafiki wa watoto. Mnyama wa namna hiyo akiugua, nyumba nzima huingiwa na wasiwasi, na wasiwasi huo ndio humfanya mtu akimbilie dawa yoyote iliyo karibu.

2. Kwa nini kifua chake ni dhaifu

Yako mambo matatu ambayo mfugaji hana budi kuyaelewa.

Kwanza, simbilisi huvuta pumzi kwa pua tu. Pua zikiziba kwa kamasi, hana njia nyingine ya kutegemea. Kwa hiyo simbilisi anayeonekana akihema kwa mdomo yumo katika hatari kubwa.

Pili, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, kama vile mwili wa binadamu usivyoweza. Jambo hili lilidhihirika mwaka 1907, pale wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, walipowalisha simbilisi nafaka peke yake na kuona wanapatwa na kiseyeye, ugonjwa uliokuwa ukiwaangamiza mabaharia. Simbilisi aliyepungukiwa na vitamini hiyo hukosa nguvu ya kupambana na vijidudu, na kifua ni miongoni mwa sehemu zinazoshambuliwa mapema.

Tatu, yeye ni mnyama wa kuwindwa, na kwa maumbile huficha udhaifu wake. Siku mfugaji anapouona ugonjwa waziwazi, mara nyingi ugonjwa huo umeanza siku kadhaa nyuma.

Vijidudu vinavyoleta homa ya mapafu kwa simbilisi ni vya aina mbalimbali, lakini vilivyo maarufu ni bakteria waitwao bodetela na streptokoka. Sungura, mbwa na paka wanaweza kumbeba bodetela bila ya wao wenyewe kuugua. Kwa sababu hiyo, desturi ya kumweka simbilisi na sungura katika banda moja, ingawa inaonekana kuokoa nafasi, haifai.

3. Ugonjwa huanzia katika hewa ya nyumba

Karagwe, pamoja na Kyerwa iliyomegwa kutoka wilaya hiyo mwaka 2012, ni nchi ya vilima. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, na usiku huwa na baridi, hasa nyakati za mvua na asubuhi za ukungu. Katika hali hiyo mfugaji mwenye huruma humwingiza simbilisi jikoni ili apate joto. Nia yake ni njema, lakini matokeo yake si mema.

Jiko la kuni lisilo na bomba la kutolea moshi huijaza chembe ndogo hewa yote iliyo karibu na sakafu hata darini. Chembe hizo huwasha njia ya pumzi na kuudhoofisha utando unaozuia vijidudu. Simbilisi hana namna ya kutoka nje kupunga hewa. Hushinda na kulala ndani ya moshi huo. Ikumbukwe pia kwamba moshi huo huo huvutwa na mama anayepika na mtoto mchanga aliye mgongoni mwake, na moshi wa jikoni unafahamika kuwa miongoni mwa visababishi vya homa ya mapafu kwa watoto wadogo. Nyumba ambayo simbilisi anakohoa inafaa ichunguzwe kwa ajili ya watu wake pia.

Jambo la pili ni mkojo. Matandiko yakikaa bila kubadilishwa hutoa hewa kali ya amonia. Kipimo chake ni chepesi: mfugaji ainamishe uso wake hadi usawa wa banda na kuvuta pumzi. Ikiwa pua au macho yake yatawashwa, basi mnyama anayeishi hapo usiku na mchana anaumia zaidi.

Jambo la tatu ni vumbi na unyevu. Unga wa mbao, pumba zenye vumbi na nyasi zilizoota ukungu havifai kuwa matandiko. Nyasi zilizokaushwa vizuri juani ndizo zinazofaa.

Hali kadhalika, ni marufuku kuingiza jiko la mkaa linalowaka katika chumba kilichofungwa ili kumpasha mnyama joto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu waliolala kama inavyoua mnyama.

4. Dalili

Mfugaji anashauriwa kumkagua simbilisi wake kila siku na kumpima uzito mara moja kwa wiki kwa mizani ya jikoni. Dalili za maradhi ya kifua ni hizi:

(a) Kupungua hamu ya chakula, na kinyesi kuwa kichache au kidogo kuliko kawaida.
(b) Uzito kushuka bila sababu inayojulikana.
(c) Kujikunyata pembeni, manyoya yakiwa yamesimama.
(d) Kupiga chafya mara kwa mara, kutokwa na kamasi puani au tongotongo machoni.
(e) Manyoya ya ndani ya miguu ya mbele kushikana, kwa kuwa hujifuta pua kwayo.
(f) Sauti ya kukoroma au ya mluzi anapovuta pumzi, na mbavu kupanda na kushuka kwa nguvu.
(g) Kwa jike mwenye mimba, kutupa mimba au kuzaa watoto waliokufa.

Simbilisi aliyetulia huvuta pumzi mara 40 hadi 100 hivi kwa dakika. Mfugaji ahesabu kwa nusu dakika, kisha azidishe mara mbili. Ikiwa pumzi zimezidi kiwango hicho wakati mnyama ametulia, au anahema kwa mdomo, au midomo yake imegeuka rangi ya samawati, asingojee kesho.

5. Huduma ya nyumbani kabla ya kumfikia mtaalamu

Simbilisi asiyekula kwa saa 12 hadi 24 tumbo lake huanza kusimama, na anaweza kufa kwa tumbo hata kama kifua kingepona. Kwa hiyo huduma ifuate utaratibu huu:

(i) Mgonjwa atengwe na wenzake, awekwe katika sanduku safi lenye nyasi kavu, mahali pakavu pasipo moshi wala upepo wa moja kwa moja. Wenzake wachunguzwe kila siku.

(ii) Apewe joto la wastani. Chupa yenye maji ya uvuguvugu ifungwe kwa kitambaa na kuwekwa upande mmoja wa sanduku, ili mnyama aisogelee au aikimbie apendavyo.

(iii) Pua zake zifutwe taratibu kwa kitambaa laini kilicholowekwa katika maji ya uvuguvugu.

(iv) Apewe majani mabichi. Nyasi ndicho chakula chake kikuu. Sukuma wiki, pilipili hoho na vipande vidogo vya pera vina vitamini C kwa wingi. Asipewe majani wala tunda la mparachichi, majani ya viazi mviringo, majani ya nyanya, kisamvu kibichi, wala maharage. Mparachichi umezagaa katika vibanja vyetu, na sumu yake kwa wanyama wa aina hii inajulikana.

(v) Aongezewe vitamini C. Mgonjwa mzima anahitaji miligramu 50 hivi kwa siku. Kidonge cha vitamini C peke yake cha miligramu 100 kikisagwa na kuchanganywa na mililita 10 za maji safi, kila mililita itakuwa na miligramu 10. Basi mililita 5, zikigawanywa mara kadhaa kwa siku, zinatosha. Dawa hiyo itengenezwe upya kila siku na atiliwe kinywani. Ikiwekwa katika maji ya kunywa huharibika upesi, na mgonjwa mara nyingi hanywi maji ya kutosha.

(vi) Asipokula mwenyewe, alishwe uji wa nyasi na majani yaliyopondwa laini, au chakula cha sungura cha dukani kilicholowekwa hadi kikalainika, kwa bomba la sindano lililoondolewa sindano. Mnyama ashikwe akiwa wima, bomba lipitishwe ubavuni mwa mdomo nyuma ya meno ya mbele, na atiliwe kidogo kidogo huku akisubiriwa ameze. Kamwe asilazwe chali, kwa kuwa chakula kitaingia mapafuni. Anayehema kwa mdomo asilazimishwe kula, bali apelekwe kwa mtaalamu mara moja.

6. Dawa zinazoua

Hapa ndipo wafugaji wengi wanapokosea. Mtu huona kamasi na kikohozi, akakumbuka vidonge vilivyobaki baada ya mtoto kuugua, akamega kipande na kumpa simbilisi. Siku chache baadaye mnyama huharisha na kufa, na mwenye mnyama hudhani kifua ndicho kilichomuua.

Tumbo la simbilisi huishi kwa msaada wa bakteria wema wanaosaga nyasi. Baadhi ya dawa za kuua vijidudu, yaani antibaiotiki, huwaua bakteria hao wema, na nafasi yao huchukuliwa na bakteria wengine wanaotoa sumu inayoharibu matumbo. Mwaka 1943, penisilini ilipokuwa bado dawa mpya duniani, watafiti walikwisha kueleza kuwa dawa hiyo huua simbilisi. Miaka mitatu kabla, tarehe 25 Mei 1940, jaribio la Oxford lililoonyesha uwezo wa penisilini lilifanywa kwa panya. Lau wangechaguliwa simbilisi, huenda dawa iliyookoa mamilioni ya watu ingeonekana kuwa sumu.

Kwa hiyo simbilisi asipewe penisilini, ampisilini, amoksilini, eritromaisini, linkomaisini wala klindamaisini. Sindano ya penisilini iliyochanganywa na streptomaisini, ambayo hutumika sana kwa ng'ombe na mbuzi, ina hatari maradufu kwake. Oksitetrasaiklini nayo si salama. Ziko dawa ambazo daktari wa mifugo anaweza kumwandikia, kama vile enrofloksasini au trimethoprimu iliyochanganywa na salfa. Kipimo chake hutokana na uzito wa mnyama, na muda wake ni lazima ukamilishwe hata kama dalili zimetoweka. Kipimo cha mbuzi hakigawanywi kwa makadirio.

Anapokwenda kwa mtaalamu wa mifugo wa kata au kwa daktari wa mifugo wa wilaya, mfugaji achukue maelezo manne: uzito wa mnyama, siku ugonjwa ulipoanza, chakula anachokula, na dawa yoyote aliyokwisha kupewa. Asifiche dawa aliyompa kwa kuona haya.

7. Kinga

Simbilisi mgeni atengwe kwa muda usiopungua wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Matandiko yaliyolowa yaondolewe kila siku, na banda lote lisafishwe angalau mara moja kwa wiki. Banda liinuliwe kutoka sakafuni, liwe na paa lisilovuja, na lipitishe hewa bila kupigwa na upepo mkali. Wasirundikwe wengi mahali padogo.

Mtu mwenye mafua au kikohozi asimshike simbilisi, kwa sababu baadhi ya vijidudu vya kifua huhama kutoka kwa binadamu. Watoto wafundishwe kunawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumshika. Kunawa mikono si jambo geni Kagera, mkoa uliopatwa na homa ya Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Homa hiyo ni ugonjwa mwingine kabisa na haihusiani na somo hili, lakini desturi njema iliyotokana nayo haifai kuachwa.

Mwisho, wananchi wanakumbushwa kuwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikuwatazama ng'ombe na punda pekee. Aliyemfungia mnyama ndani ya banda amemnyima uwezo wa kujitafutia hewa safi na majani. Kwa hiyo wajibu wa kumpatia vitu hivyo umekuwa wake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini simbilisi anayehema kwa mdomo asingojewe hadi kesho?
2. Taja mambo matatu katika nyumba yako yanayoweza kuharibu hewa ya banda.
3. Kwa nini penisilini inayomponya mtoto humuua simbilisi?
4. Je, banda lako liko jikoni? Ikiwa liko huko, litahamishiwa wapi, na lini?