Umri wa Jeraha

SWALI: Mpwa wangu alipigwa Ijumaa usiku karibu na Darajani. Tulimkanda nyumbani, na Jumatatu ndipo tulipompeleka hospitali na fomu ya PF3. Mshitakiwa anadai kuwa majeraha yale ni ya Ijumaa ya nyuma yake, kijana alipoanguka na vespa. Daktari ameandika tu kuwa yana "siku mbili hadi tano". Kwa nini asiitaje siku yenyewe? – Mama wa Mkunazini

JIBU: Bibi, daktari huyo hakukwepa swali, bali amesema kadiri ilimu yake inavyomruhusu, na lau angaliitaja Ijumaa kwa yakini, wakili mjuzi angalimtahayarisha kizimbani kwa masuali mawili matatu. Kina cha jeraha hupimika, ndiyo maana mafakihi wa Kishafii waliweza kulikadiria diya ya ngamia 5 jeraha la kichwa lidhihirishalo mfupa. Umri wake hukisiwa.

Damu iliyovilia chini ya ngozi huanza na wekundu au zambarau, kisha, kwa kadiri mwili unavyoivunjavunja, huingia ukijani na umanjano. Vitabu vya zamani vilizipangia rangi hizo siku zake kama ratiba ya meli ya Pemba, lakini Langlois na Gresham, katika uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 1991, walionesha kuwa la kutegemewa ni moja tu, nalo ni kwamba umanjano hauonekani kabla ya saa 18 kupita. Na wapo ambao hauwatokei kabisa. Isitoshe, ratiba zile zilitungwa kwa kutazama ngozi nyeupe, hali ngozi zetu huzificha rangi hizo, hata daktari hana budi kumsogeza mgonjwa dirishani, penye mwangaza wa jua, na kumbonyeza taratibu kwa kidole akitafuta uvimbe na maumivu ambayo jicho haliyaoni.

Hukutaja mlimkanda kwa kitu gani. Maji ya moto ya chumvi, bila ya shaka, na pengine manjano, ambayo, pamoja na sifa zake zote, huitia ngozi rangi ile ile anayoitafuta daktari. Na unga wa kahawa, ambao wengi wetu hukimbilia kuubandika penye damu, hulifunika jeraha lisisomeke. Hata chuku huacha miviringo ya damu iliyovilia, na asiyeelezwa huweza kuidhania kipigo.

Michubuko ina afadhali. Mchubuko mbichi hutoa majimaji, na kwa muda wa siku moja hivi hukauka ukaanza kufanya kigaga, ambacho huzidi kuwa cha hudhurungi na kigumu, hata ikishapita wiki au zaidi kikabanduka kuanzia pembezoni, na chini yake ikadhihiri ngozi mpya. Kwa maiti hukatwa kipande cha ngozi kikatazamwa kwa hadubini, kwani chembe nyeupe za damu hulikusanyikia jeraha saa chache baada ya kuumia, zikafuatiwa na nyingine zenye kazi ya kusafisha, na jeraha lililotiwa baada ya roho kutoka halina msafara huo. Lakini huko nako jawabu huwa ni muda baina ya mipaka miwili, seuze kwa aliye hai.

Sasa itazameni kadhia yenu. Mahakama haihitaji kuambiwa siku ya kipigo. Inataka kujua ni ipi kati ya hadithi mbili inayowafikiana na mwili. Toka Ijumaa usiku hata Jumatatu ni siku tatu kasoro, nazo zimo ndani ya mipaka ya daktari. Ajali ya vespa ingalikuwa na siku kumi, nazo zimo nje. Maneno yale mnayoyaona dhaifu ndiyo yanayomkanusha mshitakiwa.

Mwombeni mwendesha mashtaka amuulize daktari waziwazi kama majeraha hayo yaweza kuwa ya siku kumi. Na likitokea jengine, Mungu aepushe, mpelekeni mjeruhiwa siku ile ile bila ya kumpaka kitu, na mhakikishe saa ya kuumia kwake imeandikwa katika fomu.