Zawadi Kubwa na Wosia: Mwongozo kwa Vikundi vya Eastlands

Kama unaongoza kikundi cha kijamii kule Jericho, Kayole au Dandora, huenda hazina yenu inategemea mambo mawili: mchango wa wanachama wa kila mwezi na mfadhili mmoja wa mbali. Siku mfadhili akisema mradi umefika mwisho, masomo ya jioni ya watoto husimama na mlinzi wa jengo hukaa bila mshahara. Ziko njia mbili ambazo vikundi vyetu huzigusa kwa nadra. Moja ni zawadi kubwa kutoka kwa mtu mmoja aliye hai. Nyingine ni zawadi ambayo mtu huiandika kwenye wosia wake, iwafikie akishafariki.

Zawadi kubwa ni kiasi gani? Inategemea kikundi chenyewe. Ikiwa wanachama wenu hutoa shilingi 200 kwa mwezi, anayetoa 50,000 kwa mkupuo ametoa zawadi kubwa. Wosia nao ni maandishi ya mtu yanayosema mali yake iende kwa nani baada ya kifo chake. Wengi hudhani ni mambo ya matajiri wa Karen, lakini mwalimu mstaafu mwenye nyumba Buruburu na akiba kidogo benki ana kila sababu ya kuwa na wosia, na huenda angependa kukitajia kikundi chenu fungu fulani kama angeulizwa.

Nairobi inayo mifano. Maktaba ya McMillan pale mjini ilifunguliwa mwaka 1931, zawadi ya Lucie McMillan kwa kumbukumbu ya mumewe. Kwa miaka mingi Waafrika hawakuruhusiwa kuingia humo, na hilo lisisahaulike. Baadaye maktaba ilikabidhiwa baraza la jiji, na matawi yake mawili yako kwetu, Kaloleni na Makadara. Majengo yalikuwepo, ila pesa za kuyatunza hazikutosha, yakachakaa. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, ndilo lililokubaliana na kaunti na kutafuta wafadhili wa kuyakarabati. Kwa hiyo mkiomba jengo, ombeni pia pesa za kulitunza. Mfano wa pili ni Rattansi Educational Trust, mfuko ulioanzishwa mwaka 1956 na Mohamedally na Maniben Rattansi, ambao mpaka leo unawasaidia wanafunzi wasiojiweza kulipa karo. Umedumu hivyo kwa kuwa mali iliwekwa izae, na kinachozaliwa ndicho kinachotumika.

Tumwombe nani? Hapa ndipo vikundi vingi hupotea. Wanamwandikia mbunge, wanaiandikia kampuni kubwa, wanangoja. Anzeni na daftari lenu wenyewe. Tafuteni majina ya watu waliotoa mfululizo kwa miaka mitatu au zaidi, hata kama walitoa mia tano. Wamo wastaafu wa shirika la reli, wauguzi waliofanya kazi Pumwani, wafanyabiashara wa Gikomba waliolelewa mtaani kwenu, na vijana mliowasomesha ambao sasa wako Qatar au Marekani. Mtu aliyeshikamana nanyi kwa muda mrefu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwapa zawadi kubwa kuliko tajiri asiyewajua.

Jamii za Kiyahudi za Amerika Kaskazini zimelifanyia kazi jambo hili kwa utaratibu. Mwaka 2012 mfuko wa Harold Grinspoon ulianzisha mpango uitwao Life & Legacy. Kila shirika linaloingia, liwe sinagogi, shule au nyumba ya wazee, huunda timu ndogo ya watu wanaozungumza ana kwa ana na waumini na wanachama wa siku nyingi, na hupewa lengo la ahadi 18 kwa mwaka. Anayekubali hutia sahihi barua fupi ya nia, hushukuriwa akiwa bado hai, kisha husaidiwa kuiingiza ahadi hiyo kwenye wosia. Hakuna kinachozuia kikundi cha mtaa wa Umoja kufanya vivyo hivyo. Anzeni hata na lengo la ahadi tano.

Kabla ya kumwendea mtu yeyote, tengenezeni nyumba yenu. Hakikisheni cheti cha usajili hakijapitwa na wakati. Vikundi vya kijamii husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu, iwe Makadara, Kamukunji au Embakasi. Nendeni na katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano, na orodha ya wanachama pamoja na nakala za vitambulisho. Ulizeni ada pale dirishani siku hiyo hiyo, mlipe kwa njia rasmi, na mdai risiti. Kama mmekua na mnataka kufanya kazi nje ya mtaa, kuna ngazi ya juu zaidi chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Mei 2024.

Fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, yenye watia sahihi watatu, na pesa zisitoke bila sahihi za wawili kati yao. M-Pesa ni nzuri kwa michango midogo, lakini muamala mmoja wa kutuma pesa kwa simu una kikomo cha shilingi 250,000, kwa hiyo zawadi kubwa ipitie benki. Kamwe isipitie simu ya mwenyekiti. Mtoaji akiona nambari ya simu ya mtu binafsi, atasita, na ana haki ya kusita.

Kuna suala la ardhi pia. Mtu akiwapa ploti, hati isiandikwe kwa jina la mwenyekiti wala la mweka hazina. Njia iliyozoeleka ni kusajili wadhamini, yaani watu wachache wanaoshika mali kwa niaba ya kikundi, chini ya Sheria ya Wadhamini, Sura ya 164. Mwenyekiti akifariki au akigombana nanyi, ploti inabaki ya kikundi. Kazi hii inahitaji wakili, na ni gharama inayostahili kulipwa.

Sasa, unaombaje? Usianze kwa barua. Mpigie mhusika simu, mwalike aje aone kazi: ubao wa hesabu, sufuria za chakula cha mchana, daftari la mahudhurio. Wiki mbili baadaye mtembelee nyumbani, nendeni watu wawili, mmoja awe rafiki yake. Kisha taja kitu kimoja na bei yake. Kwa mfano: "Mama, tumekuja kukuomba jambo kubwa. Wanafunzi kumi wa sekondari hawana karo ya muhula wa pili. Jumla yake ni shilingi 120,000. Tungependa ufikirie kulibeba hilo, lote au sehemu." Halafu nyamaza. Wengi wetu tukishasema kiasi huona haya, tukaanza kupunguza bei kabla mtu hajajibu. Mwache afikirie. Akisema atarudi kwenu, mwulize lini, uandike tarehe.

Akitoa, mpeni risiti siku hiyo na barua ya shukrani ndani ya wiki. Miezi sita baadaye mrudie na hesabu ya namna pesa zilivyotumika, bila kuomba kitu kingine. Ziara hii ndiyo vikundi vingi huisahau, nami naiona kuwa na uzito kuliko ile ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo mtoaji anapoamua kama mnaaminika. Akitaka kupunguziwa kodi ya mapato kwa mchango wake, sheria inaruhusu pale tu ambapo shirika lililopokea lina cheti cha msamaha wa kodi kutoka Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Kama hamna cheti hicho, mwambieni wazi kabla hajatoa.

Tuje kwenye wosia. Kwa wengi wetu kutaja kifo mbele ya mzee ni uchuro. Basi msiende kwa mzee mmoja mmoja na maneno hayo. Andaeni kikao cha elimu kwa wanachama wote, mwalike wakili aeleze wosia ni nini na unavyozuia ugomvi wa familia, na siku hiyo msimwombe mtu chochote. Atakayetaka kuwakumbuka atawafuata mwenyewe baadaye, au mtamjua kwa maswali yake.

Sheria inataka nini? Kenya inafuata Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Mwandishi wa wosia awe na umri wa miaka 18 au zaidi na akili timamu. Atie sahihi au alama yake, na mashahidi wasiopungua wawili wamwone akifanya hivyo, kisha nao watie sahihi mbele yake. Kuandika wosia hakulazimu wakili. Karatasi na kalamu zinatosha. Wakili husaidia kuepuka makosa, na bei yake muulize mapema kwa sababu hutofautiana. Shahidi asiwe mtu anayerithi chochote ndani ya wosia huo, wala mume au mke wake, la sivyo fungu lake linaweza kubatilika. Nawasihi pia viongozi wa kikundi wasiwe mashahidi, hata kama sheria haiwakatazi, kwa kuwa familia itauliza. Jambo jingine linalosahaulika: mtu akifunga ndoa baada ya kuandika wosia, wosia huo hufutika, isipokuwa uliandikwa kwa kutazamia ndoa hiyo. Itabidi auandike upya.

Na nini kinaweza kuandikwa? Katika mitaa yetu swali hili lina uzito wa pekee. Nyumba za kaunti za Kaloleni, Maringo, Jericho au Bahati ni za kupanga, hata kama familia imeishi humo vizazi vitatu. Mpangaji hawezi kumwachia mtu nyumba hiyo kwa wosia. Nyumba ya Buruburu au Donholm iliyo na hati kwa jina la mtu inaweza kuachwa. Kama mume na mke wanaimiliki kwa umoja usiogawanyika, anayebaki hai huichukua yote, wosia useme usemavyo. Akiba ya sacco hufuata fomu ya mteule, yaani jina alilojaza mwanachama ofisini mwa sacco. Anayetaka kikundi kipate sehemu ya akiba hiyo aulize sacco yake kama taasisi inaweza kuandikwa kwenye fomu.

Ndugu zetu Waislamu wa Pumwani na Eastleigh wana utaratibu wao. Mirathi yao hufuata sheria ya Kiislamu, na wasia kwa asiyekuwa mrithi hauzidi theluthi moja ya mali, baada ya mazishi na madeni kulipwa. Anayetaka mali itumikie jamii daima anaweza kuiweka wakfu akiwa hai. Wakfu una sheria yake ya mwaka 2022 na tume yake. Wamwone kwanza imamu wao au kadhi.

Maneno ya wosia yawe kamili. Mfano: "Nakipa kikundi cha (jina kama lilivyo kwenye cheti), chenye nambari ya usajili (nambari), cha Kayole, Nairobi, sehemu moja ya kumi ya mali itakayobaki baada ya madeni yangu kulipwa na familia yangu kupewa mafungu yao. Itumike kulipia karo ya wanafunzi wa sekondari. Ikiwa kikundi hicho hakitakuwepo, sehemu hiyo ipewe (jina la pili)." Sehemu ni bora kuliko kiasi, kwa sababu shilingi 100,000 za leo hazitanunua kilekile baada ya miaka ishirini.

Familia ikipinga? Kifungu cha 26 cha Sheria ya Urithi kinawapa wategemezi, kama mke, mume na watoto, haki ya kwenda mahakamani wakiona wameachwa bila riziki ya kutosha. Kwa hiyo mshaurini mtoaji aanze na watu wa nyumbani kwake, na ikiwezekana awaambie wanawe mapema. Na kuna zawadi za kukataa. Mzee mwenye mjukuu mlemavu anayemtegemea akitaka kuwaachia kila kitu, mwambieni hapana. Pesa ambazo hamjui zilikotoka, zirudisheni.

Mtoaji akifariki, msimamizi aliyetajwa kwenye wosia ndiye anayefungua kesi ya mirathi, si ninyi. Mali isiyozidi shilingi milioni 20 inaweza kushughulikiwa na hakimu mkuu. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze, na kwa kawaida kibali huthibitishwa baada ya miezi sita. Subirini kwa adabu, hudhurieni mazishi, na msiulize pesa matangani.

Zawadi ikifika, msiitumie yote mwaka huohuo. Kenya Community Development Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1997, ina uzoefu wa kusaidia vikundi kuweka mifuko ya kudumu, ambapo mtaji hauguswi na faida ndiyo inayotumika. Waulizeni masharti yao, mlinganishe na yale ya benki yenu. Barua zote za nia na nakala za wosia mlizopewa ziwekwe katika faili moja lenye kufuli, kwa sababu taarifa za watu zinalindwa na sheria ya mwaka 2019, na faili hilo likabidhiwe kwa maandishi kila mnapochagua viongozi wapya.